Requiem ya wanaume watupu: mzee Cherubini alivyojiandikia muziki wa mazishi yake

Besi la Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu wa kwaya, wanakwaya, na yeyote aliyewahi kukaa seminari akaamshwa alfajiri kuimba masifu huku macho hayajafunguka. Wengine pia karibuni, viti vipo.

Parokia yetu ina kwaya tatu, na zote wanawake ni wengi kuliko wanaume, kama mnavyojua mambo yalivyo. Juzi paroko akaniita: "Mwalimu, akina baba nao waimbe." Anataka tarehe 2 Novemba, kumbukumbu ya marehemu wote, asikie sauti za wanaume peke yake. Nikakusanya watu kumi na wanne. Wamo fundi seremala, madereva wawili, mstaafu mmoja wa bandari, na vijana ambao nashuku wamekuja kwa sababu ya chai. Sasa waimbe nini?

Njia ya mkato kila mwalimu wa kwaya anaijua. Unachukua wimbo wa sauti nne, soprano unaishusha oktava moja unawapa tenori wa kwanza, alto unaiacha palepale kwa tenori wa pili, na tenori na besi zinabaki zilivyo. Nikajaribu. Ukawa uji. Soprano ikishuka oktava inatua chini ya alto, na mahali pengine inapita hata chini ya tenori, kwa hiyo ule wimbo ambao muumini anaujua unazikwa katikati ya sauti nyingine. Halafu kule chini sauti zinabanana. Sauti mbili zilizo karibu zikiimbwa juu zinapendeza, lakini zile zile zikiimbwa chini kabisa zinanguruma kama lori linalopanda mlima.

Nikafukua daftari langu la seminari. Humo nilikuwa nimenakili kwa sol-fa kurasa chache za Requiem (Misa ya kuombea marehemu) ya D maina ya mtunzi Luigi Cherubini, ya mwaka 1836. Imeandikwa kwa tenori wa kwanza, tenori wa pili, besi, na okestra. Hamna soprano, hamna alto, hamna hata mwimbaji wa peke yake. Kwaya inaanza, kwaya inamaliza.

Na kisa chake ni hiki. Cherubini alizaliwa Florence mwaka 1760, akahamia Paris akiwa kijana, akazeekea huko. Alishaandika Requiem nyingine kabla, ya C maina, ya kwaya mchanganyiko, kwa ajili ya kumkumbuka mfalme Louis XVI aliyekatwa kichwa Januari 1793. Hiyo ilipata sifa kubwa, na mwaka 1827 iliimbwa Vienna katika ibada ya kumkumbuka Beethoven. Sasa Oktoba 1834 akafariki mtunzi mwenzake wa opera, Boieldieu. Ikapangwa azikwe kwa Requiem hiyo ya C maina. Askofu Mkuu wa Paris, de Quélen, akaweka pingamizi: ina sauti za wanawake, na wanawake hawaimbi kanisani.

Cherubini alikuwa na miaka 74. Hakuandika malalamiko popote ninapojua mimi. Alichukua kalamu akaandika Requiem ya pili ambayo askofu hataweza kuikataa, ili siku yake ikifika asije akanyimwa. Alifariki Machi 15, 1842, na ndiyo aliyoimbiwa.

Nataka nianze na vipande viwili tu. Naombeni maoni ya waliowahi kuigusa.

Mtoto wa Kigango

Naweka kambi hapa. Mleta uzi endelea kutiririka.

Kinandani

Mwalimu, nimewahi kuisikiliza. Ni kazi ya moto, lakini okestra utaitoa wapi? Ukipunguza okestra yote ile ukaiweka kwenye kinanda kimoja chenye spika ya kichina, ile Dies irae, wimbo wa siku ya hukumu, itasikika kama mlio wa simu.

Kwa nini usichukue Requiem ya mtunzi Liszt? Nayo ni ya sauti za wanaume, ya miaka ya 1867 na 1868, na imeandikwa kwa kinanda tangu mwanzo. Tarumbeta na tromboni zipo lakini si lazima. Inakufaa zaidi.

Besi la Mwisho

Mkuu Kinandani, hoja yako ya kinanda naikubali, ndiyo maana nimesema vipande viwili tu, na Dies irae haimo. Cha kwanza ni Graduale, wimbo wa baada ya somo, ambayo ni sauti tupu bila chombo. Cha pili ni mwisho wa Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu.

Liszt nimemfikiria. Ila Liszt wa uzeeni anakuhamisha ufunguo bila hodi, na ana waimbaji wanne wa peke yao. Nina seremala anayeimba kwa kufuata sikio la jirani yake. Jirani akipotea wanapotea benchi zima. Kwa Cherubini njia inaonekana. Mzee alikuwa mwalimu, ameongoza Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, kuanzia 1822 hadi karibu na kifo chake, na ukisoma nota zake unaona mtu anayejua mwanafunzi atakosea wapi.

Mama Alto

Samahani wanaume wa uzi huu. Kwa hiyo tunapiga makofi kwa sababu askofu aliwafukuza wanawake na mzee wa watu akatii?

Mimi ni alto mwaka wa ishirini na moja huu. Kwaya zetu zinabebwa na nani? Nani anafua majoho? Nani anakuja mazoezini mvua ikinyesha? Halafu siku ya kuimba "muziki mzito" mnatuambia tukae kwenye mabenchi tuwasikilize.

Besi la Mwisho

Dada, hasira yako ni halali na sitaki kuizunguka. Hakuna anayesifu katazo. Na nikupe kituko kimoja uone dunia inavyolipa.

Berlioz, mtunzi mwingine wa Ufaransa, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Cherubini alipopewa uongozi wa Conservatoire, moja ya amri zake za kwanza ilikuwa kutenganisha milango. Wanaume waingilie mlango wao na wanawake wao. Berlioz, kijana mbishi, akaingia mlango wa wanawake kwenda maktaba kusoma nota. Mlinzi akamfuata, akamleta mkurugenzi mwenyewe, na ikawa mbio za kuzunguka meza za maktaba, vitabu vinaanguka, mzee anafoka kwa Kifaransa chenye lafudhi nzito ya Kiitaliano. Berlioz alikuwa na chumvi nyingi kwenye simulizi zake, kwa hiyo toa asilimia zako. Lakini ndiye yeye Cherubini wa milango miwili. Miaka kumi na mbili baadaye askofu akamwonyesha mlango wa tatu.

Mama Alto

Hahaha, basi nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Mzee wa Gregoriani

Vijana, tuweke mambo sawa. De Quélen hakulitunga katazo lile kichwani mwake. Fikra yenyewe ilikuwa kwamba mwimbaji wa ibada anafanya kazi ya kiliturujia, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Papa Pius X alilirudia hilo kwa maandishi mwaka 1903, akasema zikitakiwa sauti za juu watumike watoto wa kiume. Ni Pius XII, mwaka 1955, aliyeruhusu rasmi kwaya zenye wanawake, tena kwa masharti ya mahali pa kukaa. Wazee wetu wa misheni walikulia katika sheria hizo. Ndiyo maana ukiangalia picha za zamani za kwaya za misheni unaona wavulana na walimu wao tu.

Hata Misa Luba ya kule Kamina, Katanga, Kongo, mwaka 1958, walioiimba ni watoto wa kiume na walimu wao chini ya Padre Guido Haazen.

Na Paris haikuishia kwa Boieldieu. Chopin alipofariki Oktoba 17, 1849, mazishi yalichelewa hadi tarehe 30, kwa sababu aliomba Requiem ya Mozart na kanisa la Madeleine halikuwa likiruhusu waimbaji wa kike. Mwishowe wakaruhusiwa kwa sharti wasimame nyuma ya pazia jeusi. Mama Alto, fikiria: Pauline Viardot, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Ulaya, anaimba nyuma ya pazia.

Kaburi la Chopin na la Cherubini, kule makaburini Père Lachaise, Paris, yako hatua chache tu moja kutoka lingine. Mmoja alipata pazia, mwingine alijiandalia mapema.

Mama Alto

Nyuma ya pazia. Haya. Mimi nitakuja Novemba, nikae benchi la mbele kabisa, na nikisikia tenori mmoja amepanda kwa kukaba koo nitakohoa.

Fundi Nota

Nimesoma uzi wote. Mleta uzi, swali la kitaalamu: tenori wa kwanza utafanyaje? Kwaya nyingi za huku tenori wake ni besi waliochangamka. Wakifika juu wanapiga kelele kama makondakta wa daladala.

Besi la Mwisho

Fundi Nota, hapo ndipo penyewe, na jibu lake lipo kwenye kalenda. Angalia mwaka: 1836. Hadi wakati huo tenori wa Paris walikuwa wakizifikia nota za juu kwa sauti ya kichwa, nyepesi. Mwaka uliofuata, 1837, Gilbert Duprez alisimama kwenye Opéra ya Paris katika opera "Guillaume Tell" ya Rossini akaitoa do ya juu kwa kifua kizima. Watu wakachanganyikiwa. Inasimuliwa kwamba Rossini mwenyewe aliifananisha na mlio wa jogoo aliyehasiwa anayechinjwa. Kuanzia hapo kila tenori duniani anataka kupasua kifua.

Kwa hiyo Cherubini alipoandika kazi hii, masikioni mwake alikuwa na tenori wa aina ya zamani. Ukiwaachia vijana wako waipige kwa kifua umewapa muziki wa baba wauimbe kwa koo la mtoto wake. Mimi nimewaambia wangu: ukifika juu, imba kama unamwimbia mtoto aliyeanza kusinzia. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nitaonekana sina nguvu." Nikamwambia nguvu apeleke kwenye pumzi.

Na besi nao wana dhambi yao. Besi wakiwa wengi wanapenda kuzama. Kwenye sauti za wanaume upana wote ulionao ni kama oktava mbili na nusu, wakati kwaya mchanganyiko ina zaidi ya tatu. Nafasi ni finyu, kila mtu anasikia kikohozi cha mwenzake. Besi akishuka kwa robo ya sauti hakuna pa kujificha. Hapa siwaruhusu kuimba kwa nguvu mpaka waweze kuimba kipande kizima kwa mdomo uliofungwa.

Kinandani

Hapo kwa Duprez umeniongezea kitu. Nafuta pendekezo la Liszt.

Mtoto wa Kigango

Swali la mshamba: mnaimba Kilatini? Nani ataelewa? Kwa nini msiweke maneno yetu? "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie." Hata bibi yangu anaijua bila kitabu.

Besi la Mwisho

Ndugu yangu, swali lako limenikesha siku mbili. Si la kishamba hata kidogo. Nikakaa na kalamu nikahesabu silabi.

Re-qui-em ae-ter-nam. Sita. Mkazo kwenye RE na kwenye TER.
Ra-ha ya mi-le-le. Sita. Mkazo kwenye RA na kwenye LE.

Niliruka kitandani. Mama watoto akadhani nimepata ujumbe wa muamala. Silabi kwa silabi, mkazo kwa mkazo, kana kwamba waliotafsiri walikuwa na nota mkononi. Unaweza kuuimba mstari wa kwanza wa Cherubini kwa Kiswahili bila kugusa nota hata moja.

Halafu mstari wa pili ukanirudisha chini. "Dona eis Domine" ina silabi saba, na "uwape ee Bwana" nayo ina saba, sawa. Lakini Kilatini kinagonga silabi ya kwanza, DO-na, na chetu kinagonga ya pili, u-WA-pe. Mwishoni "DO-mi-ne" inagonga mapema kisha inashuka hatua mbili, na "BWA-na" inashuka moja. Ukilazimisha utapata "Uuu-wape", kama mtu anayepuliza moto. Mstari wa tatu ndio usiseme. "Et lux perpetua luceat eis" ni silabi kumi na moja, "na mwanga wa milele uwaangazie" ni kumi na tatu. Itabidi uongeze nota mbili kwenye muziki wa marehemu aliyejiandalia mwenyewe. Mimi mkono unatetemeka.

Fundi Nota

Mkuu, "uwaangazie" ukiimba haraka hizo a mbili zinaungana. Kumi na mbili hizo. Bado moja.

Mzee wa Gregoriani

Msiunganishe-unganishe. Huo ndio mwanzo wa "uwangazie" ninayoisikia kila mazishi.

Mama Alto

Na mimi nichangie la maana sasa, maana mmenichokoza vya kutosha. Kilatini kwa Mswahili si mzigo. Irabu zetu ni tano, zinatamkwa wazi, mdomo haupindi. Niliwahi kuimba na wageni kutoka Ulaya, wakati wao wanahangaika "a" iwe "a" tu, sisi tulishamaliza. Mnachotakiwa kujua ni vitu vichache: "ae" inasomwa "e", na "luceat" inasomwa "lucheat". Kiacheni Kilatini kibaki, lakini mtu mmoja asimame kabla, asome Kiswahili chake taratibu. Watu watalia vizuri tu.

Besi la Mwisho

Mama Alto umemaliza. Nachukua hivyo hivyo. Na nina ombi, nitakuja nalo.

Katekista Mstaafu

Nami niulize. Graduale maneno yake yanaendeleaje baada ya "lux perpetua"? Sisi wa zamani tulikuwa tunajibu tu bila kuuliza.

Besi la Mwisho

Katekista, shikamoo. Inaendelea: "In memoria aeterna erit justus, ab auditione mala non timebit." Ni Zaburi ya 112. Mwenye haki atakumbukwa milele, hataogopa habari mbaya.

Katekista Mstaafu

Marahaba. "Hataogopa habari mbaya."

Mwanangu, nimezika watu kijijini kwetu miaka thelathini na sita. Mimi simu ikilia saa nane usiku naiacha ilie mara mbili kwanza. Siipokei haraka. Nikishapokea nitakuwa nimeshajua. Zile sekunde mbili ndiyo raha yangu ya mwisho ya usiku huo. Sikujua kama kuna aya inayosema hivyo, na kwamba tumekuwa tukiiimba kwa Kilatini miaka yote hiyo.

Mtoto wa Kigango

Mzee umenigusa.

Fundi Nota

Nimekwama kidogo hapa. Nitarudi.

Kinandani

Tukirudi kwenye mambo ya ratiba: mnaimba ndani ya Misa au baada? Maana Dies irae haimo tena kwenye Misa ya mazishi tangu Misale ya 1970, na Agnus Dei ya Cherubini ni ndefu. Paroko atasimama altareni amekunja mikono, anasubiri, huku mlinzi anaangalia saa.

Besi la Mwisho

Graduale ndani ya Misa, baada ya somo la kwanza, baada ya zaburi kusomwa kwa Kiswahili. Agnus Dei baada ya komunyo, watu wameketi. Paroko ameshakubali. Aliuliza swali moja tu: "Ni dakika ngapi?" Nikamdanganya kwa dakika moja.

Kuhusu Agnus Dei niseme kitu. Berlioz huyohuyo wa mbio za maktaba, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia Cherubini, aliandika kuhusu Agnus Dei ya ile Requiem ya kwanza, ya C maina, kwamba namna sauti inavyopungua kidogokidogo hadi mwisho inapita kila kitu cha aina hiyo kilichowahi kujaribiwa. Adui anapokusifu hivyo, hakuna cha kuongeza. Kwenye Requiem ya pili mzee anamaliza kazi kwa sauti za wanaume tu, na mimi, kwa sikio langu, naipenda hii zaidi. Ile ya kwanza ni mazishi ya mfalme. Hii ni ya mzee mmoja aliyejua kitanda atakacholazwa.

Katika miaka yake ya mwisho Cherubini alichorwa na mchoraji Ingres. Picha iko makumbusho ya Louvre, Paris. Mzee amekaa, uso umechoka, kichwa kimeegemea mkono, na nyuma yake mungu wa kike wa mashairi ya kuimbwa amenyoosha mkono juu ya kichwa chake. Mwanamke pekee aliyeruhusiwa kusimama nyuma yake, Mama Alto angesema.

Mama Alto

Nisingesema. Nimefikiria tu.

Mzee wa Gregoriani

Kwa wanaotaka kuendelea na sauti za wanaume baada ya hapo: Schubert ana "Gesang der Geister über den Wassern" ya 1821, sauti nane za wanaume na nyuzi za chini tu, bila violini hata moja. Brahms ana Rapsodia ya Alto ya 1869, ambayo alto mmoja anaomboleza peke yake, na wanaume wanaingia mwishoni kumwombea. Mama Alto, hiyo ni yako. Wanaume wote wapo nyuma yako.

Mama Alto

Sasa hapo ndipo tunazungumza. Nota zake ziko wapi?

Mzee wa Gregoriani

Brahms alifariki 1897. Nota zake ni za wote, zipo mtandaoni bure, kama za Cherubini. Tafuta opus 53.

Besi la Mwisho

Wakuu, mrejesho wa mazoezi ya Alhamisi.

Walikuja kumi na mmoja. Nilibandika manila mbili ukutani, sol-fa kwa kalamu ya rangi, nyekundu tenori wa kwanza, bluu wa pili, nyeusi besi. Umeme ulikatika saa moja kasorobo. Nikasema vizuri, hatuhitaji kinanda. Tukawasha tochi za simu.

Mstari wa kwanza tuliuimba mara tisa. Mara ya nne ulikuwa bado lori la mlimani. Nikawatoa besi wawili nikawapeleka tenori wa pili, wakanuna. Mara ya saba nikawaambia waseme kwanza "Raha ya milele" kama wanasali rozari, bila nota, kila mtu kwa mwendo wake wa kawaida. Halafu waweke mwendo uleule kwenye "Requiem aeternam". Mtoto wa Kigango, ilikuwa akili yako hiyo, sijakuibia kimyakimya. Mara ya nane ule mkazo ukakaa mahali pake wenyewe. Mara ya tisa hakuna aliyenitazama mimi, walikuwa wanasikilizana.

Seremala alikuwa amefumba macho. Tulipomaliza akasema tu, "Mwalimu, hapa chini pana sauti ambayo hakuna aliyeiimba." Ni kweli. Sauti zikikaa sawa kwenye nafasi finyu hivyo, zinatoa nyingine ya bure. Sikumfafanulia fizikia. Nikamwambia aendelee kuisikiliza.

Sasa ombi langu. Mama Alto, nataka mtu wa kusoma ile zaburi kwa Kiswahili kabla hatujaanza. Aya ya sita na ya saba. Asiwe na haraka.

Mama Alto

Nyuma ya pazia au mbele?

Besi la Mwisho

Mbele. Kwenye mimbari, taa ikiwaka, umeme ukiwepo.

Mama Alto

Nitakuja na tochi yangu.

Katekista Mstaafu

Mazoezi ni saa ngapi? Mimi besi wa zamani. Meno yamepungua lakini "o" bado ninayo.

Besi la Mwisho

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mzee wangu. Utakaa upande wa ukuta, karibu na seremala. Chai ipo.